Moyo wa Mzima Moto

Kengele ikilia usiku, mzima moto huamka, huvaa mavazi yake mazito, akaenda mahali ambapo wengine wanapakimbia. Nasi tukimwombea, twaomba asiungue wala asiangukiwe na ukuta. Sala hiyo ni njema, lakini haitoshi.

Mwaka 2007 ulitolewa uchunguzi juu ya wazima moto wa Marekani waliofia kazini tangu 1994 hadi 2004, bila kuhesabu walioangamia katika shambulio la Septemba 11, 2001. Karibu 4 katika kila 10 waliuawa na ugonjwa wa moyo. Tena karibu theluthi moja ya vifo hivyo vya moyo ilitukia wakati wa kuzima moto, ingawa kazi hiyo haipiti asilimia 5 ya muda wao wa kazi.

Sababu zake zaeleweka. Mtu hutoka usingizini, na mara moyo humwenda mbio. Joto humkausha maji. Moshi una kaboni monoksaidi, inayoinyima damu oksijeni. Mwenye mishipa mizima aweza kustahimili. Lakini yule ambaye mishipa yake imekwisha kuziba kwa siri, kwa shinikizo la damu, tumbaku au unene, huanguka.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 1968 waganga wa Uingereza walionyesha kwamba wafanyakazi wa viwanda vya nyuzi za rayoni, waliovuta mvuke wa kaboni disalfaidi, walikufa kwa ugonjwa wa moyo kupita wenzao wa kazi nyingine.

Basi, amri ya tano haimhusu mwenye kisu tu. Mwajiri anayempa mtu kofia ngumu asimpime moyo, asidhani ametimiza wajibu wake. Ujira ni deni. Na uzima wa mfanyakazi ni deni pia. Naye mfanyakazi asiseme kwamba mwili ni mali yake mwenyewe, maana mkewe na watoto wanauishi moyo huo. Apimwe, aache tumbaku, avae kifaa cha kupumulia hata moshi uonekanapo mdogo, na kifua kikimbana aseme mapema. Kusema si woga.

Twajua kuwasifu mashujaa wakiwa ndani ya jeneza. Mungu atujalie kuwatunza wangali hai.