Kura ya Jirani
Kwetu sisi wa Ruanda, Mbinga, Msumbiji si mbali: ni ng'ambo ya Mto Ruvuma. Vita vyao vya miaka 16 vilikoma kwa mkataba uliotiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Oktoba 1994 wakapiga kura, karibu tisa katika kila kumi walioandikishwa, ingawa ardhini mlikuwa bado na mabomu. Mwaka 2004 walijitokeza zaidi kidogo ya theluthi. Je, walitenda dhambi? Tunasita kusema hivyo. Aliyekaa nyumbani kwa kukata tamaa si sawa na asiyejali, na Mungu anawajua wote wawili. Lakini sisi, tusiokanyaga bomu, mvua ikinyesha siku ya kura husema: shamba kwanza.