Mbegu Iliyolala

Pale chuoni tulipima mbegu kwa kuzifunga katika kitambaa kilicholowa. Siku ya saba zilizochipua tulizihesabu kuwa hai, zilizobaki tukazitupa.

Lakini mbegu huweza kulala tu. Mwaka 1879 Profesa William Beal alifukia chupa 20 za mbegu huko Michigan, Marekani. Moja ilifukuliwa mwaka 2021, na baadhi ya mbegu zake zikaota!

Daktari naye, akimpima mtoto njiti, huangalia mapafu yake, kisha mashine zilizopo wodini. Basi, ndugu msomaji, uwezo wa kuishi umo ndani ya kiumbe, au mikononi mwa anayempokea?

Nauliza kwa sababu niliwahi kumwandikia mwanachuo mmoja: “Hafai.” Alikuwa amekaa nasi miezi mitatu.