Dhambi ya Adam si deni langu, lakini langu ninalo

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) na Mitume wote waliomtangulia, akiwemo Nabii Issa, Masihi mwana wa Maryam (a.s.).

Jirani yangu mmoja ni mzee wa kanisa, na tunaheshimiana sana. Siku moja baada ya Alasiri tulikuwa tumekaa barazani kwangu, akaniuliza: "Ustadhi, ninyi mnasema Yesu hakufa msalabani. Basi dhambi zenu zinaondolewa na nani?"

Ni swali la haki, na kila Muislamu anapaswa kuwa na jibu lake. Mimi nilimjibu hivi.

Kwanza, kutofautiana kwetu hakuanzii msalabani. Kunaanzia kwa Adam. Wakristo walio wengi wanafundishwa kuwa kwa kosa la mtu mmoja dhambi iliwaingia watu wote, na tegemeo lao ni Waraka wa Paulo kwa Warumi, sura ya 5. Askofu Agostino wa Hippo (354-430), mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Algeria, ndiye aliyelikuza fundisho hilo katika kanisa la Magharibi, kwamba mtoto anazaliwa nayo dhambi hiyo. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 11, Anselm wa Canterbury akajenga hoja kuwa deni la mwanadamu kwa Mungu ni kubwa mno, hakuna awezaye kulilipa isipokuwa aliye Mungu na mtu kwa pamoja. Ukishaukubali mwanzo huo, lazima utamhitaji mkombozi wa kufa kwa ajili yako.

Qur'an inasimulia kisa hicho kwa mwisho mwingine. Adam na Hawa walikosea wote wawili. Wakakiri kuwa wamezidhulumu nafsi zao, wakaomba msamaha (7:23). Mola wake akaipokea toba ya Adam (2:37), kisha akamteua na akamuongoza (20:122). Kesi ikaishia hapo. Halikubaki deni la kurithiwa na watoto. Na kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, jambo hilo limekaririwa katika sura tano: Al-An'aam, Al-Israa, Faatir, Az-Zumar na An-Najm. Nikamkumbusha mzee wangu kuwa hata katika Biblia yake, kitabu cha Ezekieli sura ya 18, mtoto hauchukui uovu wa babaye.

Je, Masihi alikuja kufanya nini? Sisi hatumkatai. Qur'an yenyewe inamwita Masihi (3:45). Aliwaita Wana wa Israil wamuabudu Allah, Mola wake na Mola wao (5:72). Alionesha njia ya kurejea kwa Mola, lakini kuitembea njia hiyo ni juu ya kila mtu.

Nilimaliza nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Mzee alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akautazama ukuta wa ua wangu, akasema: "Nimekuelewa, Ustadhi. Kila mtu atabeba wake. Sasa ule mzigo wa fundi aliyekujengea ukuta huu, unaubeba nani?"

Ndugu msomaji, nilikosa la kusema. Fundi yule nilimkata nusu ya malipo yake kwa madai kuwa ukuta umepinda. Ukuta haukupinda. Pesa ndizo zilizonipungukia. Alikuja kudai mara tatu, jirani yangu akiona, mpaka akachoka. Tangu hapo nilikuwa nimefunga Ramadhani nne, na kila kumi la mwisho nikiomba msamaha kwa machozi.

Imamu Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, ameyataja masharti ya toba: kuacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirejea. Lakini dhambi ikihusu haki ya mja, linaongezeka la nne, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake au kumuomba radhi. Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Muslim, ametufundisha kuwa muflisi wa kweli ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, kumbe amekula mali ya huyu na kumpiga yule, thawabu zake zikagawiwa aliowadhulumu mpaka zikaisha. Hata shahidi anasamehewa kila kitu ila deni.

Hebu tujiulize. Tunawashangaa Wakristo kwa kumtegemea mwingine alipe. Je, ni wangapi miongoni mwetu wanaotegemea Hijja, khitma au dua ya sheikh iwalipie viwanja vya mayatima walivyovipora? Ukisema hakuna wa kukubebea, umejihukumu mwenyewe kulipa.

Nilimtafuta yule fundi. Nikaambiwa ameshafariki, mwaka mmoja nyuma. Haki ya marehemu ni ya warithi wake, basi nikampelekea mjane wake fedha kwa ajili yake na watoto, nikamuomba radhi. Alizihesabu taratibu, akasema: "Mimi yangu nimekusamehe, kaka. Ya marehemu mtamalizana wenyewe mbele ya Mungu."

Maneno hayo bado ninayo. Sikati tamaa, kwani Allah amewakataza waja wake waliojidhulumu kukata tamaa na rehema yake (39:53). Lakini pia ameonya kuwa haina toba yule anayengoja mpaka mauti yamfikie (4:18). Mimi nilisahau kuwa hata anayenidai anaweza kutangulia.

Kama una fundi wako, au mfanyakazi wa ndani, au ndugu uliyemla mirathi yake, usingoje kumi la mwisho. Mfuate leo angali hai.

Wabillahi tawfiq.