Sadaka Hii ni ya Nani?

Katika daftari la kriketi kila mpigaji ana mstari wake. Nimeandika alama za mechi za ligi hapa Nairobi kwa miaka mingi, na kazi yenyewe ni hii: kila mpira unaorushwa naupa alama yake mbele ya jina la aliyeupokea, mikimbio kwa tarakimu, mpira usiozaa kitu kwa nukta. Mara chache hutokea mstari usio na tarakimu wala nukta. Mtu kaingia uwanjani, kasimama na gongo lake, wenzake wametolewa upande wa pili, na mechi imekwisha. Mstari wake naufunga hivi: hakutolewa, sifuri.

Mstari kama huo ni wa C. T. Studd wa Uingereza, tarehe 29 Agosti 1882, uwanja wa The Oval, London. Waingereza walikuwa wakicheza na Waaustralia. Australia walitolewa wote kwa mikimbio 63, Uingereza wakajibu kwa 101. Mvua ilikuwa imenyesha na ardhi imelowa. Katika awamu ya pili Hugh Massie wa Australia akaupiga mpira bila kuuogopa, akapata 55 peke yake katika 122 za timu yake.

Hapo katikati pana jambo ambalo waamuzi wetu hubishania hadi leo. Sammy Jones, kijana wa miaka 21, alikamilisha mkimbio wake, akatoka kwenye mstari wake kwenda kusawazisha ardhi iliyochimbika, na W. G. Grace wa Uingereza akaangusha vijiti. Mwamuzi akamtoa. Sheria ilimruhusu Grace, lakini mimi naona alimdhulumu, kwa sababu kijana hakuwa akitafuta faida yoyote pale. Waaustralia waliondoka uwanjani wakiwa wamewaka hasira, na aliyewaka zaidi ni Fred Spofforth, mrushaji wao waliyembatiza Shetani.

Uingereza walihitaji 85 tu. Walifika 51 wakiwa wamepoteza watu wawili, na kila aliyekuwa pale alijua wameshinda. Kisha Spofforth akawafungia mlango. Zilipita ova, yaani duru za marusho, mfululizo bila mkimbio hata mmoja, wapigaji wakubwa wakiingia na kutoka, umati wa maelfu umenyamaza. Alimaliza mechi na wiketi 14, yaani kutoa wapigaji mara 14, kwa mikimbio 90, na wiketi saba kati ya hizo alizitwaa alasiri ile.

Studd alikuwa amewapiga Waaustralia hao hao mikimbio 118 akiwa na Chuo Kikuu cha Cambridge, na 114 akiwa na klabu ya MCC, msimu ule ule. Lakini nahodha, A. N. Hornby, alibadilisha mpangilio, akamweka wa kumi. Alipoingia ilibaki mikimbio 10. Akasimama upande usiorushiwa mpira. Mwenzake, Barnes, akadakwa. Akaja Ted Peate, mrushaji, mtu wa mwisho, akapata mbili, akapunga gongo tena kwa nguvu zote, na Harry Boyle akavigonga vijiti vyake. Wakawa 77, wameshindwa kwa saba. Husimuliwa kwamba Peate alipoulizwa kwa nini hakumwachia mwenzake, alijibu kuwa hakumwamini bwana Studd. Siku chache baadaye gazeti la Sporting Times likaandika tanzia ya kriketi ya Uingereza, likisema mwili utachomwa na majivu yapelekwe Australia. Ndiyo hayo Majivu yanayoshindaniwa mpaka leo.

Kanisani kwetu Studd hatajwi kwa mechi hiyo. Hutajwa kwa alichokiacha. Mwaka 1885 aliondoka kwenda China kama mmisionari. Urithi wa baba yake, pauni 29,000, aliugawa, akabakiza 3,400, akampa mchumba wake, Priscilla Stewart. Priscilla akasema na hizo zitolewe. Mwaka 1913 Studd alikuja Afrika, akafika kaskazini mashariki mwa Kongo, akaweka makao Ibambi, ambako watu walimwita Bwana Mukubwa, naye akafanya kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kingwana, Kiswahili cha pande zile. Akafia huko mwaka 1931. Mahubiri hukomea hapo, na tunaambiwa: tazameni, aliacha vyote.

Aliacha na mke. Alipoondoka Uingereza mara ya mwisho mwaka 1916, Priscilla alibaki, mtu wa afya dhaifu, akiiendesha kazi ya misheni kutoka London. Walionana tena mwaka 1928, Priscilla alipofunga safari hadi Ibambi, wakakaa pamoja kama majuma mawili. Mwaka uliofuata Priscilla alifariki, Malaga, Hispania. Inasimuliwa kwamba Wakongo walikuwa wameambiwa mke wa Bwana hawezi kuja kwa kuwa yuko kwao akiwatafutia wamisionari. Walipomwona kwa macho, mama mtu mzima amesimama mbele yao, ndipo walipotambua gharama ya kuletewa Injili.

Daudi alipotaka kumjengea Mungu madhabahu kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna, alikataa kupewa bure. Hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu, akalipa shekeli 50 za fedha. Na Yefta aliweka nadhiri kwa kinywa chake, binti yake ndiye aliyeilipa. Biblia imetuwekea wote wawili, na sisi tunahubiri Daudi.

Sisemi Studd ni Yefta. Priscilla alitoa kwa mkono wake mwenyewe zile pauni 3,400. Lakini hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Kama alitoa, basi ile ni sadaka yake, na kuiandika chini ya jina la mumewe ni kumnyang'anya. Marehemu mume wangu alikuwa mwinjilisti. Alitumwa Marsabit na kwingine kaskazini, nami nikabaki Nairobi na watoto, karo, kodi ya nyumba, na homa za usiku. Niliridhia, na leo ningeulizwa ningeridhia tena. Siku ya mazishi yake zilisomwa sadaka zake, na miaka yangu ilikuwamo humo, ikihesabiwa kuwa yake. Namshukuru Mungu kwa maisha ya mume wangu, na bado naamini kwamba mbele za Mungu ile miaka imeandikwa kwa jina langu. Daftari la kriketi halimfuti anayesimama upande wa pili. Hata asipopokea mpira mmoja, jina lake lipo, na mstari ni wake.

Mwezi huu parokia inachangia mwinjilisti kijana anayepelekwa Turkana. Barua ya kamati ilimtaja yeye peke yake. Niliomba jina la mkewe liandikwe kwa mstari wa pekee, na posho ya nyumba ipitie mkononi mwake. Wamekubali yote mawili. Kisha nikauliza ni nani amemuuliza yule binti kama anataka kubaki, au kwenda naye, au mume asiende kabisa mpaka mtoto aachishwe kunyonya. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nitakwenda mimi Jumamosi, na jibu lake, liwe lolote, nitalipeleka kwa kamati kama atakavyolisema.