Mafuta Yasiyokuwapo

Vitabu vya kale vya Kiingereza vyenye taswira za ng'ombe, hususan vile vya majalada ya ngozi ambavyo wapenzi wa vitu nadiri hushindana kuvinunua kwa bei iwezayo kumpata mtamba wa maziwa, aghalabu huhesabiwa kuwa hazina ya elimu ya maumbile. Nami husita kuafiki. Wafugaji wakubwa wa zama hizo, walipokuwa wakichagua mbegu ili wapate ng'ombe wanene wa nyama, waliwaajiri wachoraji wawatangazie sifa, na mchoraji aliyejua ujira wake unatoka wapi alichora kichwa kidogo, miguu myembamba, na kiwiliwili kama kasha la nguo. Ng'ombe aliyevuma kuliko wote, Durham Ox, alitembezwa kwa gari maalumu miaka kadhaa watu walipe kumtazama, na picha yake iliyotolewa mwaka 1802, kazi ya John Boultbee, iliuzwa nakala zaidi ya 2,000 katika mwaka mmoja. Tusiwacheke: hata kwetu mnadani yupo amlambishaye ng'ombe chumvi na kumjaza maji asubuhi ya kumuuza.

Thomas Bewick wa Newcastle, mchongaji wa picha katika mbao ngumu, ambaye kitabu chake cha wanyama wa miguu minne kilitoka mwaka 1790, amesimulia katika kumbukumbu za maisha yake kwamba aliitwa kuwachora mifugo wa mabwana wa aina hiyo, akatakiwa aongeze vinundu vya mafuta pale ambapo jicho lake halikuyaona. Akakataa, na safari yake ikatoka patupu. Picha yake ya fahali mweupe wa Chillingham, ya mwaka 1789, leo ni ghali mno, lakini tazama soko lilivyo: ughali huo umetokana na ubao uliopasuka baada ya nakala chache tu kupigwa, wala si ikhlasi ya mchongaji.

Kadhalika Profesa David Low, aliyechapisha mwaka 1842 kitabu chake kikubwa cha mifugo ya Visiwa vya Uingereza, alitegemea picha za William Shiels zilizochorwa kwa ajili ya makumbusho ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, ili wanafunzi wazijue koo za wanyama, si ili mwenye fahali apate wateja.

Basi, msomaji, ukijaliwa kuvishika vitabu hivyo, usianze na jalada wala bei. Uliza kwanza ni nani aliyemlipa mchoraji.