Ada Hainunui Mkanda

Tuseme mwana wa Pongwe ajifunza karate. Baba yake alipa ada kila mwezi, na mwisho wa mwaka amwuliza mwalimu: "Mbona mwanangu hajapata mkanda mpya?" Je, mwalimu ampe?

Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, ndiye aliyewafungia mkanda mweusi waliofuzu daraja la kwanza. Rangi nyingine zilienea Ulaya katika miaka ya 1920 na 1930, ili wanafunzi waone hatua zao wasikate tamaa. Karate nayo ilifuata desturi ya mikanda.

Basi mkanda ni ushuhuda. Mwalimu asema mbele ya watu, "Huyu aweza." Akimpa asiyeweza, amesema uongo, maana ada hulipia mafundisho, hainunui ushuhuda. Na uongo huo utamdhuru kijana mwenyewe: siku atakaposhambuliwa njiani, adui hatatazama rangi ya kiuno chake.

Lakini mwalimu amnyimaye astahiliye, ili abaki mkubwa peke yake, naye ni mwongo, tena mdhalimu.

Enyi wazazi, mtoto arudipo jioni msimwulize amepata mkanda gani. Mwulizeni leo ameweza nini asichokiweza jana.