Sukuma ya Mbao

Kuna ushauri ambao Nairobi hii unagawiwa bure, tofauti na maji: "Kula vizuri." Utaupata kwa daktari, kwa jamaa wa mazoezi kule TikTok, na kwa shangazi aliyeambiwa ana presha mwaka jana. Hakuna anayeubishia. Ila ndani yake kuna swali tunaloliruka: mtu asipokula vizuri, kosa ni la nani?

Hebu tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na viazi havihesabiwi, kwa hivyo chipsi zako hazikusaidii hapa. Nyumba ya watu wazima watano inahitaji kilo mbili. Kila siku. Sukuma ya mbao haikaribii hapo. Ongeza nyanya, kitunguu, mafuta na makaa. Managu yanataka kuchemshwa kwanza, na maharagwe ndiyo usiseme. Sasa mchukue msee wa mjengo anayetoka keja Kibera saa kumi na moja asubuhi, anatembea hadi Upper Hill, anarudi giza limeingia. Jioni hiyo smokie na chapati ya kando ya barabara si tamaa. Ndicho chakula ambacho pesa zake na saa zake vinaweza kulipia kwa pamoja. Kumwambia hana nidhamu ni matusi yaliyovishwa koti jeupe. (Wenye gari na friji wanaokula ovyo nawaachia shangazi.)

Na bado watu wa mtaa wanakula mboga. Nani amefanya hiyo kazi? Ukisema "juhudi za jamii" watu hufikiria mradi: fulana zenye nembo, hotuba, soda. Mimi nafikiria mama mboga. Yuko Marikiti kabla ya jua, anabeba au analipia mkokoteni, halafu anavunja gunia zima kuwa vipande ambavyo mfuko wako unaweza: nyanya mbili, nusu kabeji, dhania ya kumi. Anakukatia sukuma ukipiga stori, yaani anakuuzia na dakika ishirini ambazo huna. Na mwezi ukikauka anaandika jina lako kwenye daftari. Hilo daftari ndilo bima ya chakula ambayo nusu ya ploti inaitegemea, na halina riba. Cha ajabu, ni huyo huyo watu wanamng'ang'ania nyongeza, wakitoka supamaketi walikolipa bei ya kwenye karatasi bila kukohoa.

Kisha kuna magunia. Baada ya vurugu za uchaguzi, mwaka wa 2008, kilimo cha magunia kilisambaa sana Kibera, kikisaidiwa na shirika la Ufaransa, Solidarités. Ufundi wake ni rahisi na wa akili: katikati unapanga nguzo ya mawe ili maji yashuke hadi chini, pembeni unajaza udongo uliochanganywa na mbolea, halafu miche unaipanda juu na kwenye matundu ya ubavuni. Nafasi ya beseni moja inakupa mboga za wiki nyingi. Na gunia linahamishika.

Hapo ndipo mimi husita kidogo. Linahamishika kwa sababu mwenyewe anaweza kuhamishwa. Julai 2018 matingatinga yalipita Kibera kutengeneza njia ya barabara, nyumba na shule zikaenda. Shamba la kubebwa mgongoni ni ubunifu, sawa, lakini pia ni shamba la mtu aliyenyimwa ardhi. Kuna wanaosema kila gunia ni msamaha kwa serikali: Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, halafu sisi tunaitikia kwa kununua mbegu. Naielewa hoja hiyo, lakini siikubali. Mtoto hawezi kungoja mahakama na chakula cha jioni kwa wakati mmoja. Anayepaswa kuona haya si mwenye gunia. Ni mheshimiwa anayekuja kupigwa picha nalo, kisha anaondoka bila kuulizwa maji ya kulimwagilia yatatoka wapi.

Maji ndiyo yenyewe. Kando ya mito ya Nairobi kuna sukuma nono, kijani hadi inang'aa, inayonyweshwa maji taka. Wengine huziba bomba la maji machafu makusudi lifurike shambani. Vijidudu unaweza kuvipunguza kwa kuosha na kupika. Risasi na metali nyingine nzito zilizokwisha kuingia ndani ya jani haziondoki hata uchemshe hadi kesho. Hapa lawama inasafiri kwa kasi ya ajabu, na siku zote inateremka: kutoka kwa mlaji hadi kwa mama mboga, hadi kwa mkulima mwenye jembe na gambuti. Mbona haipandi? Juu ya mto kuna anayemwaga kemikali usiku, na kuna ofisi inayolipwa mshahara wa kumzuia.

Naamini lawama ifuate uwezo wa kuchagua. Aliyekuwa na njia kumi akachagua chafu ana hatia kuliko aliyekuwa na moja. Lakini sitaki kumfanya maskini mtoto mdogo asiyejua analofanya. Mkulima anajua maji yake. Muuzaji akiulizwa na kujibu, "Hii ni ya Kinangop," ilhali ameivuna chini ya daraja, amekosa, na hali ngumu haiufuti uongo huo. Mboga chafu amelazimishwa na soko. Uongo ameuongeza mwenyewe, na umemnyang'anya jirani yake kitu kidogo alichobaki nacho, yaani kuamua kama ale au asile.

Ndiyo maana wazo la vijana kukamata wakulima wa mtoni na kung'oa mboga zao, ambalo huzuka kila picha za sukuma hizo zikisambaa mitandaoni, halinishawishi. Ukiing'oa kesho, bei itapanda keshokutwa, na yule msee wa mjengo atarudi kwa smokie. Afadhali mfereji wa maji safi ufikishwe penye magunia, kwa bei ambayo kikundi cha ploti kinaweza kugawana. Na mboga zipimwe Marikiti alfajiri, kwa pesa za kaunti na si za mama mboga, matokeo yabandikwe hapo hapo langoni kwa Kiswahili, yaseme mzigo gani umetoka wapi na una nini ndani.